Kaye ya Ushirika Ifike Kwenye Rejistre ya Serikali



Leo tuko na neno moja: kartasi za biashara tunazofanya pamoja. Wawili ao watatu wameunganisha franga, wakanunua mashini ya kusaga ao mutumbwi wa moteri. Mapatano yao yako ndani ya kaye, pamoja na sinyatire za mashahidi. Kaye ile ni nzuri, tuichunge. Lakini haitoshi.

Inchi yetu iliingia OHADA tarehe 12/9/2012. Tangu hapo rejistre ya zamani, NRC, ilipisha RCCM. RCCM inashikwa na grefe ya tribinali. Habari za kila grefe zinapaswa kupanda kwenye fishi ya taifa, kisha ile ya inchi zote za OHADA, kule Abidjan.

Sasa, juu ya nini tujisumbue? Sheria inasema hivi: katika SNC, kila mushiriki anajibu madeni yote kwa mali yake mwenyewe, hapana fungu lake tu. Mwenye kudai anaanza kuonya shirika. Siku 60 zikipita bila kulipwa, anaweza kubisha mulango wa mushiriki yeyote. Kama ulishatoka na jina lako lingali kwenye rejistre, mulango huo unaweza kuwa wako. Tena, mushiriki akikufa, SNC inakwisha, isipokuwa statiti zilisema ingine. Hapo mujane na yatima wataonyesha nini, kama jina la baba halikuandikwa popote?

Na wale wasioandikisha kabisa? Sheria inawahesabu sawa washiriki wa SNC: madeni yanawafuata, lakini shirika lenyewe halitambuliwe mbele ya sheria.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tuikae wote, pamoja na wariti wa waliokufa. Tuandike majina, fungu la kila mutu, vyombo na madeni. Pili, tutengeneze statiti, kila mutu atie sinyatire akiisha kusomewa katika luga anayoisikia. Tatu, tupeleke kwenye Guichet Unique ao grefe. Tusiache kartasi ya asili bila kopi, tusilipe bila risiti. Mushiriki akitoka ao akiingia, turudi tuandikishe.

Asiyejua kusoma asione haya. Tutaketi naye, tutamusomea kila mustari mbele hajatia kidole.