Otavalo Wanafuma, Sisi Tunasuka

(Mazungumzo kwa vikundi vya akina mama wasukaji)

Leo tuache kidogo habari ya mbuzi na mizinga. Tutembee mbali, mpaka Otavalo, mji wa nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Mstari wa ikweta unaopita kwetu Kenya unapita karibu na huko pia, lakini baridi ipo, maana mji uko milimani, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari.

Wenyeji wa Otavalo, wasemao Kikichwa, walikuwa wafumaji na wachuuzi kabla Wahispania hawajafika. Wahispania walipoingia katika miaka ya 1500 walileta kondoo na mitambo ya kufuma ya kukanyaga kwa miguu, wakawaweka watu kwenye karakana wafume kwa lazima. Ufundi wa mwenyeji, faida ya bwana. Hata baadaye wengi walitumika katika mashamba makubwa ili wapate kipande cha kulima, mpaka sheria ya ardhi ya mwaka 1964 ilipokomesha mpango huo.

Sasa sikilizeni. Watu hawa walibeba nguo zao wakaziuza wenyewe, Kolombia, halafu Ulaya na Marekani. Na kila Jumamosi wageni huja hapo mjini kununua blanketi na nguo nyingine sokoni. Lakini si asali tupu. Mtindo mpya haukawii kuigwa na jirani, bei ikashuka. Tena nguo nyingi siku hizi hutoka mashine za umeme, na mama afumaye kwa mkono anaulizwa bei ile ile ya mashine.

Si mnaona tunakoelekea? Yule broka wa vyondo, sisi watumishi wenu ndio tuliomleta. Vikundi vitatu vikashushiana bei mbele yake, naye akacheka tu. Katani tulihesabu, rangi tulihesabu. Siku za kusuka hatukuhesabu hata moja. Hapo tuliwakosea.

Basi mkutano ujao kila kikundi kilete kiondo kimoja, na karatasi yenye gharama za katani, rangi, ngozi, nauli, na idadi ya siku. Tutapanga bei ya chini pamoja, vikundi vyote vitatu, kabla gari lake halijarudi.