Mema Tuliyoyaacha
Hotuba kwa wakristu siku ya jubilei ya parokia



Siku ya jubilei watu hupenda kuhesabu: wabatizwa wangapi, ndoa ngapi, mapadri na masista wangapi waliotoka humu. Hesabu hiyo ni njema, nayo imekwisha kusomwa mbele yenu. Mimi nimeombwa kusema juu ya hesabu nyingine, isiyoandikwa katika vitabu vya parokia: mema tuliyoweza kuyatenda, nasi tukayaacha.

Wengi wetu tulifundishwa katekismu kwa makatazo. Usiue, usizini, usiibe. Amri hizo ni za Mungu, wala hakuna mwenye ruhusa ya kuzipunguza. Lakini mkristu akikomea hapo hujidanganya upesi. Anakwenda kuungama, naye asema: «Padri, sikuua mtu, sikuiba, kwa mganga sikwenda.» Hata jiwe lililo kando ya barabara halijaiba kamwe.

Zamani, katika sala ya maungamo ya Misa, tulijishitaki kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Kitabu cha Misa cha Baba Mtakatifu Paulo VI, kilichotolewa mwaka 1970, kiliongeza jambo la nne: mema tusiyoyatenda. Tunalitamka upesi kuliko yale matatu, maana hatukumbuki kitu cha kuweka chini yake. Lakini someni sura ya 25 ya Injili ya Mateo. Wale wa mkono wa kushoto hawashitakiwi wizi wala uuaji. Wanashitakiwa chakula wasichokitoa na mgonjwa wasiyemtembelea. Na yule tajiri wa Injili ya Luka, hatusomi kwamba alimpiga Lazaro wala kumfukuza. Alimwacha tu alale pale mlangoni.

Basi tumtazame kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, tena alikuwa mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio na rafiki wa watoto wa barabarani. Mwaka 2007 walitaka kumpa pesa ili apitishe chakula kilichoharibika. Angaliweza kuikataa pesa kimya kimya, akaenda zake nyumbani na mikono safi, akimwachia mwingine kutia sahihi. Yeye alikizuia chakula chenyewe, kwa ajili ya watu asiowajua ambao wangalikila. Mwezi wa Julai mwaka ule alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Eklezya ilimtangaza Mwenye Heri.

Sisi hapa hatuombwi damu. Lakini nitasema waziwazi juu ya wajane wetu. Mume akifa, wanaomnyang'anya mjane nyumba na shamba ni wachache. Wanaonyamaza ni sisi wengine wote, nasi tunakaa viti vya mbele kanisani. Tunasema: «Ni mambo ya ukoo.» Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inamtambua mjane kuwa mmoja wa warithi, tena inampa haki ya kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe. Twaijua, au twaweza kuijua. Hata hivyo mama yule anaondoka na watoto wake na sufuria zake, nasi tunatoa sadaka ya Misa kwa ajili ya marehemu!

Kwa hiyo nina ombi kwa wakubwa wa mashirika yetu. Kifo kikitokea katika shirika, wakristu wawili, mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, wachaguliwe kabla ya kuvunja matanga. Waende kwenye baraza la ukoo siku ya kugawa mali, wakae pale mpaka mwisho. Wakiwa na neno, walinene kwa heshima. Wakikosa la kusema, wakae tu, waonekane. Dominika inayofuata wamweleze Padri Paroko mambo yalivyokwenda, na mjane amelala wapi.