Taa ya Baraza na Uwani: Mwanga Usioumiza Mfuko wala Mtu

Hotuba kwa watumiaji wa umeme wa Kibondo na Kasulu, Mkoa wa Kigoma



Sisi tunaofanya kazi katika udhibiti wa huduma za nishati huulizwa mara nyingi juu ya bei ya umeme, juu ya kukatika kwake na juu ya LUKU. Ni mara chache tunapoulizwa juu ya taa ya nje: ile ya barazani, ya uwani, ya mlango wa jikoni na ya njia ya kwenda chooni. Hata hivyo, malalamiko mengi ya uniti kwisha upesi, na ajali kadha wa kadha za kupigwa na umeme, huanzia hapo. Sababu ni nyepesi kueleweka. Taa ya ndani huzimwa na mtu anapokwenda kulala, na waya wake umehifadhiwa ukutani. Taa ya nje hukesha ikiwaka pasipo mtu wa kuitazama, na waya wake hunyeshewa mvua na kuchomwa na jua mwaka mzima.

Kwa miaka mingi miji hii miwili ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, uliokuwa wa gharama kubwa kuzalishwa. Mwaka 2022 gridi ya Taifa iliufikia mkoa huu, na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imezidi kuingia vijijini. Umeme unapofika, moja ya furaha za kwanza za familia ni kuwasha taa nje, ili baraza iwe mahali pa mazungumzo hata baada ya jua kuzama. Furaha hiyo ni halali. Tunachokuja kuwaomba ni kwamba muichague taa hiyo kwa hesabu, na muifunge kwa usalama.

Anzeni na mahali

Kabla ya kwenda dukani, yafaa mwenye nyumba asimame nje usiku na kujiuliza ni wapi hasa panapohitaji mwanga. Kwa nyumba nyingi za huku, mahali hapo ni panne: barazani wanapokaa watu, mlangoni penye kufuli, kwenye ngazi au mteremko ambapo mtu aweza kujikwaa, na njia ya kwenda jikoni na chooni. Taa ndogo iliyowekwa mahali pake hufaa kuliko taa kubwa moja inayomulika ua mzima na dirisha la jirani.

Taa ielekezwe chini. Taa inayomulika machoni humfanya mtu asione kilicho nyuma yake, na mwizi hupata kivuli cha kujifichia. Kwa baraza, balbu ya LED ya wati 5 hadi 9 inatosha kabisa kula chakula, kusoma daftari la mtoto na kumtambua mgeni anayebisha hodi.

Tazameni pia rangi ya mwanga. Balbu zenye mwanga wa manjano, zilizoandikwa kelvini 2,700 au 3,000, huvuta wadudu wachache kuliko zile nyeupe za kelvini 6,500. Wenyeji wa nyanda hizi hawahitaji kuelezwa jinsi mvua za kwanza zinavyoleta kumbikumbi. Na hapa tunatoa onyo. Wapo wanaotundika balbu ya umeme kwa waya mrefu juu ya beseni la maji ili kuwanasa kumbikumbi. Maji, waya ulioning'inia na mikono ya watoto ni vitu visivyopasa kukutana. Kwa kazi hiyo tumieni taa ya betri au ya sola.

Hesabu ya uniti

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Huku kwetu taa ya nje ikiwashwa saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, huwaka saa 12. Sasa tufanye hesabu pamoja.

Balbu ya kizamani, yenye waya mwembamba unaowaka kwa moto, ikiwa ya wati 60, hutumia uniti 0.72 kwa usiku mmoja, yaani uniti 21.6 kwa siku 30. Ukiwa nazo nne kuzunguka nyumba, zitakula uniti 86.4 kwa mwezi, kabla hujawasha redio wala kuchaji simu. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia sana ule wa wati 60, nayo kwa saa zilezile hutumia uniti 3.24 tu kwa mwezi. Nne zake hazifiki uniti 13. Ile taa kubwa ya kumulika ya wati 500, ya aina inayopata moto mkali, ikikesha kila usiku hula uniti 180 kwa mwezi.

Tofauti hii ina uzito wa pekee kwa familia zilizo katika kundi la D1, ambalo ni la matumizi madogo ya nyumbani. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Anayezoea kuzidi aweza kuhamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza. Mmeona basi: balbu nne za kizamani, peke yake, zatosha kuitoa familia katika bei ya unafuu. Wengi hudhani mita imeharibika, au kwamba wameibiwa, kumbe uniti zimeishia uwani walipokuwa wamelala. Bei hubadilika kwa amri rasmi, kwa hiyo someni risiti zenu za LUKU kila mnunuapo.

Saa za kuwaka nazo ni akiba. Taa ya baraza ikizimwa saa nne usiku badala ya kukesha, balbu ya wati 9 hutumia uniti 0.81 kwa mwezi. Taa ya mlangoni yaweza kufungwa kifaa cha kuhisi mwendo, ambacho madukani huitwa sensa, ili iwake mtu anapopita na kuzimika baada ya dakika chache. Haba na haba hujaza kibaba, na haba hizohizo zikivuja hukimaliza.

Waya wa nje si wa kubahatisha

Sasa tunafika kwenye jambo linalohusu uhai.

Mtoa huduma ana wajibu wa miundombinu hadi kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani na kuzunguka ua, mfumo ni wa mwenye nyumba. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi ya kufunga mfumo huo ifanywe na mtu mwenye leseni, na EWURA ndiyo inayotoa leseni hizo kwa madaraja mbalimbali. Mwananchi ana haki ya kumwambia fundi, kwa heshima, "Fundi, naomba kuona leseni yako." Fundi wa kweli hataudhika.

Nyumba nyingi huku zimeezekwa bati. Waya uliolazwa juu ya bati husuguliwa na upepo na kupasuliwa na jua, na siku ganda lake likichubuka, paa zima laweza kuwa na umeme. Kama kamba ya kuanikia nguo ni ya waya wa chuma na imefungwa kwenye kenchi au mlingoti unaogusa bati, basi mama anayeanika nguo zilizoloa ndiye atakayepata pigo hilo. Kwa hiyo waya wa taa ya nje upite ndani ya bomba la plastiki lililofungwa imara ukutani, maungio yake yawe ndani ya kiboksi kilichofunikwa, wala yasiachwe na utepe tu mvuani. Waya mweupe wa ndani usitumike nje. Ukihitaji kupeleka taa langoni au jikoni palipo mbali, tumia kebo inayofaa kufukiwa, ifukiwe angalau nusu mita, mahali ambapo jembe halitaikuta. Mti usigeuzwe nguzo, kwa maana tawi hukua, huvunjika na huvuta radi.

Wale wenye UMETA, kile kifaa kinachoiwezesha nyumba ndogo kupata umeme bila kutandaza nyaya, wasichomeke kebo ya kurefusha na kuipitisha dirishani hadi uwani kuwa taa ya kudumu. Na kumpelekea jirani umeme kwa waya uliopita juu ya ua ni hatari kwa nyumba zote mbili, tena ni kinyume cha utaratibu. Jirani aombe umeme wake: kwa vijijini ada ya kuunganishwa iliwekwa kuwa shilingi 27,000.

Mwambieni fundi awafungie pia swichi ya kinga, ile ambayo mafundi huiita RCD, ya kipimo cha miliampea 30, pamoja na waya wa kutuliza umeme ardhini. Swichi hiyo hukata umeme mara inapohisi unavuja, ikiwa ni pamoja na kuvuja kupitia mwili wa mtu. Ina kitufe cha majaribio. Kibonyezeni mara moja kila mwezi. Isipokata, mwiteni fundi.

Dukani: kusoma kabla ya kulipa

Taa ya nje huandikwa herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza huonyesha kinga dhidi ya vumbi, na ya pili kinga dhidi ya maji. Kwa taa iliyo chini ya paa la baraza, IP44 inatosha. Kwa taa iliyo wazi mvuani, chagueni IP65. Katika mkoa ambao mvua huanza kabla mwaka haujaisha na kuendelea hadi miezi ya masika, maandishi hayo si pambo. Tazameni pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na kwamba kifaa kimetengenezwa kwa volti 230. Daini risiti na muitunze, kwani bila risiti hata dhamana iliyoandikwa kwenye boksi ni vigumu kuidai.

Kwa ndugu zetu wa vijiji ambavyo nguzo bado hazijafika, na hata kwa wenye umeme wanaotaka kuokoa uniti, taa ya sola ni msaada mkubwa, na haina waya wa kuhatarisha mtu. Lakini sokoni kuna maandishi yanayopotosha. Mtaona taa imeandikwa wati 100 au 200, na paneli yake haizidi karatasi ya A4. Paneli ya ukubwa huo, hata jua la adhuhuri likiwa kali, hutoa takribani wati 12. Haiwezekani ikalisha taa ya wati 200 usiku kucha. Pimeni paneli kwa macho, ulizeni betri ni ya aina gani na yaweza kubadilishwa, na ombeni kuiona ikiwaka. Nyumbani, paneli iwekwe palipo wazi, mbali na kivuli cha mwembe, na ifutwe vumbi wakati wa kiangazi.

Mkiwa na malalamiko

Yakitokea matatizo ya huduma, kwa mfano mita inayohesabu isivyo kawaida au nguzo iliyoinama karibu na baraza yako, toeni taarifa kwanza kwa mtoa huduma na muandike namba ya taarifa hiyo na tarehe. Msiporidhika na majibu, leteni lalamiko EWURA. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, lipo kuwasaidia katika safari hiyo. Kwa bidhaa mbovu, TBS na Tume ya Ushindani ndio wahusika. Waya ukianguka chini, usiuguse wala usiusogeze kwa fimbo: waweke watoto na mifugo mbali, kisha upigie simu mtoa huduma.

Ndugu wananchi, tunawaachia kazi moja ndogo ya usiku wa leo. Mtakapokwenda kulala, andikeni uniti zilizobaki kwenye LUKU, mtoke nje mhesabu taa zinazowaka na msome wati zake. Alfajiri someni mita tena. Kama hakuna jokofu wala kifaa kingine kilichokuwa kikitumika, tofauti mtakayoiona ndiyo gharama ya mwanga wa uwani kwa usiku mmoja. Izidisheni kwa 30, kisha familia ikae barazani iamue taa ipi ibaki, ipi ibadilishwe na ipi izimwe.