Lita si Kilo



Mtu atokaye Kasighau na asali yake, akifika sokoni Voi, huulizwa na mnunuzi, "Dumu moja kiasi gani?" Wakipatana bei ya dumu la lita 20 hulipwa fedha zake, naye hurudi kwake hali ameridhika. Kumbe mnunuzi ataipima asali ile kwa mizani na kuiuza kwa kilo, na lita zile 20 zitakuwa kilo 28. Ikiwa mwuzaji alidhani lita na kilo ni kitu kimoja, basi kilo 8 zimetoka mkononi mwake bure, wala hapana mwizi wa kushtakiwa.

Kosa hili lina asili yake. Lita ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi: ni sanduku lenye urefu, upana na kina cha sentimita 10. Kilo hupima uzito. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1795 ndiyo iliyoviunganisha vipimo hivi kwa njia ya maji, hata lita moja ya maji ikawa na uzito wa kilo moja, karibu sawasawa. Basi watu wameyazoea maji, wakadhani kila kimiminika ni hivyo hivyo. Sivyo. Lita 20 za mafuta ya taa ni kama kilo 16 tu; za mafuta ya nazi hazifiki kilo 19; za maziwa huzidi 20 kwa kiasi kidogo. Asiyesadiki na atie mafuta katika kikombe cha maji, ayaone yakielea. Kisha atie asali, aione ikizama.

Tena liko jambo la debe. Debe la zamani la mafuta ya taa lilichukua galoni 4 za Kiingereza, ndizo lita 18 na kidogo. Wako hata leo wanaotaja debe wakiwa na maana ya dumu la lita 20, na tofauti yake karibu lita 2, ambayo kwa asali si haba. Katika maji hesabu ni nyepesi zaidi. Bomba la Mzima, lililofikisha maji Mombasa mwaka 1957, hupimwa kwa mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, ndiyo madumu 50, na uzito wake ni tani moja. Mama achukuaye dumu moja mgongoni amebeba kilo 20, mbali na dumu lenyewe.

Mwenye asali na apime kwanza dumu tupu, kisha lililojaa, atoe uzito wa kwanza katika wa pili. Akikosa mizani, kwa kila lita 10 ahesabu kilo 14. Wala asilijaze dumu hadi mdomoni, kwa kuwa hapo huzidi lita 20, na ziada hiyo hailipwi.