"Inashuka kila uchaguzi": hebu tupange namba kwanza

Wasee, kuna sentensi inapendwa sana kwa mijadala: "Wakenya wamechoka na kura, asilimia ya wanaojitokeza inashuka kila uchaguzi." Tupange namba kwanza, ndio tubishane.

Kati ya waliojiandikisha, waliopiga kura ya urais walikuwa hivi: 2002 kama asilimia 57, 2007 kama 69, 2013 kama 86, Agosti 2017 kama 79, 2022 kama 65.

Sasa linganisha kila namba na inayoifuata. 57 kwenda 69, imepanda. 69 kwenda 86, imepanda. 86 kwenda 79, imeshuka. 79 kwenda 65, imeshuka tena. Hiyo si "kila uchaguzi". Ilipanda mara mbili, ikashuka mara mbili.

Anayeanzia 2013 ataona kushuka tu. Anayeishia 2013 ataona kupanda tu. Namba za wote ni halali, ila kila mmoja amekata pale panapomfaa.

Kupoteza zaidi ya pointi 20 tangu 2013 ni jambo zito, na linafaa kujadiliwa. Lakini mtu akikuambia "kila mara", muulize: kuanzia mwaka gani?