Mkufu wa Dhahabu Usiwekwe Rehani Kabla ya Kupimwa

(Mazungumzo kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tutazungumza juu ya mkufu wa dhahabu. Najua wengine watasema, "Sisi tunalima mahindi na kufuga mbuzi, dhahabu inatuhusu nini?" Inatuhusu sana. Katika vikundi vyetu vingi mkopo hutolewa kwa dhamana. Mtu huweka mbuzi, baiskeli, cherehani au redio. Lakini tuna mabinti waliokwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar na Oman, na wengine wakirudi huja na mkufu. Na kule Pwani ni desturi ya miaka mingi mama kumwachia binti yake kidani. Basi siku ya shida, karo ya shule inadaiwa au kuna mgonjwa hospitalini, mama anafungua kitambaa mbele ya kikundi na kusema, "Nipeni mkopo, nawawekea hiki."

Sasa kikundi kifanye nini? Kikikataa, mama anakwenda kwa mkopeshaji wa sokoni, ambaye atampa pesa kidogo na riba kubwa. Kikikubali kwa kuangalia tu kwamba kitu kinang'aa, huenda akiba ya wanachama wote imefungwa kwenye kipande cha shaba. Njia zote mbili zina hasara, na ndiyo maana ni lazima tujue kupima.

Neno ambalo nataka mrudi nalo nyumbani ni hili: kipimo cha nyumbani kinaweza kukuambia kwamba kitu SI dhahabu. Hakiwezi kukuhakikishia kwamba NI dhahabu, wala ni dhahabu ya kiwango gani. Neno la mwisho ni la sonara mwenye vifaa.

KARATI NI NINI?

Dhahabu tupu ni laini mno. Mkufu wa dhahabu tupu hupinda na kukatika upesi, kwa hiyo mafundi huichanganya na shaba, madini ya fedha au madini mengine. Karati hutuambia katika mafungu 24, ni mafungu mangapi yaliyo dhahabu. Mara nyingi huandikwa pia kwa namba tatu, maana yake ni sehemu ngapi katika 1,000:

- Karati 24: 999, dhahabu tupu
- Karati 22: 916
- Karati 21: 875, hii huonekana sana katika vitu vya kutoka nchi za Ghuba
- Karati 18: 750
- Karati 14: 585
- Karati 9: 375

Hebu tupige hesabu. Mkufu wa gramu 10 wa karati 22 una dhahabu gramu 9 na kidogo. Mkufu wa gramu 10 wa karati 9 una gramu 3.75 tu. Yote miwili ni dhahabu ya kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini kikundi kikitoa mkopo sawa kwa yote miwili, kimepoteza zaidi ya nusu ya dhamana kwa ule wa pili. Kwa hiyo swali si "Ni dhahabu?" peke yake. Swali ni, "Ni dhahabu kiasi gani?"

SAFISHA KWANZA, NDIPO UPIME

Mafuta ya mwili, jasho, sabuni na vumbi hujaa katika pete za mkufu na kuficha alama. Kazi ya kusafisha ni rahisi na haina gharama:

1. Chukua bakuli, si sinki wala karai lenye tundu. Tandika kitambaa chini ili kitu kikianguka kisipotee.
2. Tia maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
3. Loweka mkufu kwa dakika 15 hivi.
4. Sugua polepole kwa mswaki laini wa mtoto, hasa kwenye kifungio na katikati ya pete.
5. Suuza katika bakuli la pili lenye maji safi.
6. Kausha kwa kitambaa laini cha pamba, kisha uache upigwe na hewa kabla ya kuufunga.

Kama mkufu una lulu au mawe yaliyogandishwa kwa gundi, usiuloweke. Pangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Sasa yale ya kuepuka. Wengi wetu tumezoea kusugua sufuria kwa jivu na mchanga. Kwa dhahabu hapana, kwa sababu ni laini na huchunika. Dawa ya meno nayo ina chembe za kukwaruza. Dawa ya kung'arisha shaba ni kali. Na Jik, ile ya kufanya nguo ziwe nyeupe, ni mbaya zaidi: klorini hushambulia madini yaliyochanganywa na dhahabu, na pete za mkufu huanza kuvunjika. Vua mkufu kabla ya kufua.

Ndugu zetu wanaochimba dhahabu kule Migori na Kakamega wanaijua zebaki. Zebaki hushikamana na dhahabu, ikaifanya nyeupe, na mvuke wake ni sumu kwa watoto na watu wazima. Isikaribie mkufu wala jiko.

VIPIMO VYA NYUMBANI

Kipimo cha macho. Tafuta alama kwenye kifungio. Ukiona 916 au 750, ni dalili nzuri, lakini muhuri hata mdanganyifu anaweza kuupiga. Ukiona herufi GP au HGE, hicho kimepakwa dhahabu juu tu. Ukiona 925, hiyo ni alama ya madini ya fedha, hata kama rangi ni ya dhahabu. Kisha angalia mahali panaposuguana: kwenye kifungio, na pale pete inapoingia katika pete. Kama ndani pana wekundu au weupe na nje ni manjano, rangi imeanza kutoka.

Kipimo cha sumaku. Dhahabu haivutwi na sumaku. Mkufu wote ukirukia sumaku, maliza mazungumzo. Lakini msidanganyike: shaba haivutwi, risasi haivutwi, madini ya fedha hayavutwi. Kwa hiyo kitu kisichovutwa hakijawa dhahabu. Tena, kifungio cha mkufu wa kweli kinaweza kuwa na springi ndogo ya chuma, hicho peke yake kikavutwa. Jaribu mkufu wenyewe, si kifungio.

Kipimo cha maji na mizani. Hiki ndicho cha nguvu zaidi. Dhahabu ni nzito kuliko madini mengi tunayoyajua. Nendeni kwa mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari iliyo karibu, mwombeni awasaidie kwa mizani ya maabara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Fanyeni hivi:

1. Pimeni mkufu mkavu. Tuseme ni gramu 20.
2. Wekeni glasi ya maji juu ya mizani, mwandike uzito wake.
3. Fungeni mkufu kwa uzi mwembamba, muushike ukining'inia wote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Tikiseni kidogo mapovu yatoke.
4. Someni mizani tena. Uzito umeongezeka kiasi gani? Gawanyeni uzito wa mkufu kwa hilo ongezeko.

Kama ongezeko ni gramu 1.1, jibu ni 18 hivi, na karati 22 huwa kati ya 17 na nusu na 18. Karati 18 huwa kama 15 au 16. Lakini kama ongezeko ni gramu 2.4, jibu ni 8 na kidogo, na hiyo ni shaba ya manjano. Tofauti inaonekana wazi.

Hata hivyo kipimo hiki kina mipaka. Mkufu mwembamba wa gramu 3 ni mdogo mno kwa mizani hiyo. Wenye mawe, au wenye shanga zilizo wazi ndani, utatoa jibu la uongo. Karati 9 hutoa jibu la karibu 11, na risasi vilevile ni karibu 11. Na kuna madini yanayoitwa tangsteni ambayo uzito wake ni kama wa dhahabu tupu.

VIPIMO VYA KUACHA

Usiume mkufu, utaharibu meno, na risasi nayo ni laini. Usiuweke motoni, lehemu itayeyuka, mawe yatapasuka, na kama kuna risasi mtavuta moshi wa sumu. Maandiko husema juu ya dhahabu kujaribiwa kwa moto, lakini hiyo ni kazi ya fundi mwenye tanuri, si ya jiko la makaa. Usinunue asidi ukaitia nyumbani; huchoma ngozi na macho. Na usimhukumu mtu kwa sababu shingo imekuwa kijani. Hiyo ni shaba ikikutana na jasho, na hata dhahabu ya kweli ya karati ndogo ina shaba ndani.

KWA SONARA

Sonara ana jiwe jeusi la kupimia. Husugua mkufu kidogo juu yake ukaacha mstari, kisha hutia tone la asidi juu ya mstari huo, na kuulinganisha na mstari wa dhahabu ambayo karati yake inajulikana. Maduka mengine makubwa yana mashine inayosoma madini kwa miali bila kukwaruza. Mwombeni apime kwenye kifungio na katikati pia, maana kifungio cha kweli chaweza kuungwa na mkufu wa bandia.

Nendeni watu watatu: mwenye mkufu, mweka hazina na mwanachama mmoja. Mkufu ukae mikononi mwa mwenyewe, usiachwe dukani. Ulizeni masonara wawili, na ulizeni swali lililo sawa: "Leo ungenunua kwa pesa ngapi?" Bei ya kununua dukani ina ufundi na faida ndani yake, na hizo hazirudi mtu anapouza.

KANUNI ZA KIKUNDI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Napendekeza haya:

- Mkopo usizidi nusu ya bei ambayo sonara angenunulia siku ile. Bei ya dhahabu hupanda na kushuka.
- Katibu aandike uzito, karati, alama na urefu wa mkufu. Mwenyewe atie sahihi, na abaki na nakala.
- Mkufu upimwe uzito mbele ya wote siku ya kuingia na siku ya kutoka.
- Utiwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na watu watatu. Mahali pa kuutunza pakubaliwe na kikundi, na pasiwe nyumbani kwa mtu mmoja.
- Iandikwe mapema: mkopo usipolipwa, mtangoja miezi mingapi, nani atauza, na pesa zitakazozidi deni zitarudi kwa nani. Haki ni kwamba zirudi kwa mwenye mkufu.

Na jambo la mwisho ni la utu. Mkufu ukionekana ni bandia, mara nyingi mama aliyeuleta ndiye aliyedanganywa kwanza. Aliuziwa stendi na mtu aliyesema ati ameuokota, au alipewa na mtu aliyemwamini. Msimtangaze sokoni. Mwambieni faraghani, kisha mkae mwone ni dhamana gani nyingine inaweza kumsaidia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayekufuata njiani na dhahabu ya bei rahisi, mwache aende zake.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja: Mkufu wangu wa zamani umekuwa mweusi. Ni bandia?
Jibu: Si lazima. Dhahabu yenyewe haiingii kutu, lakini shaba na madini ya fedha yaliyomo huweza kufanya weusi. Uoshe kwanza kama tulivyosema, kisha uangalie palipochakaa.

Mzee mmoja: Siki haitoshi kupima?
Jibu: Siki inaweza kubadili rangi ya shaba, lakini kitu kilichopakwa dhahabu vizuri kitapita bila kubadilika. Na siki huharibu lulu.

Mweka hazina: Kama sonara yuko mbali na mama anahitaji pesa leo?
Jibu: Mpeni mkopo mdogo wa dharura kwa wadhamini wawili, kama katiba yenu inaruhusu. Mkufu ungoje kupimwa. Shida yake ni ya kweli hata kama dhahabu haijajulikana.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Katiba yetu inasema nini juu ya vitu vya rehani?
2. Ni nani kati yetu anayeweza kuzungumza na mwalimu wa fizikia juu ya mizani?
3. Mwanachama akidanganywa na muuzaji, kikundi kitamlindaje heshima yake?