Kompyuta Iwe Msaidizi wa Mwenye Kujifunza Lugha

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu wa lugha mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.





Nimetakiwa nieleze namna kompyuta inavyoweza kumsaidia mtu anayejifunza lugha ya pili. Kwetu sisi visiwani lugha ya kwanza ni Kiswahili, nasi tunamshukuru Mola kwa neema hiyo. Hata hivyo mikataba, barua za mashirika ya nje, maelekezo ya mashine na hata karatasi zinazofungwa pamoja na dawa mara nyingi hutufikia kwa Kiingereza. Kwa hivyo lugha ya pili kwetu ni nyenzo ya kazi, na wahenga wamesema kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anaijua hali hii. Barua imeingia, ina kurasa tatu za Kiingereza kizito, na jibu linatakiwa ndani ya siku saba. Karani anaipeleka kwa ofisa, na ofisa anaiweka chini ya nyengine, kwa sababu yule mmoja anayeaminika kwa Kiingereza yuko likizo. Hapana aliyefanya uvivu hapo. Kilichopo ni hofu ya kukosea mbele ya wenzake. Siku zinakwisha, na anayepata hasara ni mwananchi ambaye jambo lake limo ndani ya barua ile.

Rai yangu leo ni moja. Kompyuta ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi, na tuitumie kujitayarisha kusema na watu. Tusiiache iseme kwa niaba yetu.

ILIKOTOKA

Wako wanaodhani kuwa jambo hili limezuka juzi pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, ulianza mfumo wa kusomesha kwa kompyuta ulioitwa PLATO, na baadaye lugha za kigeni zikawa miongoni mwa masomo yake. Mwanafunzi alikaa mbele ya kioo, akaulizwa swali, akaandika jibu, na mashine ikamwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Kompyuta za wakati huo zilikuwa kubwa na za gharama, na vyuo vichache tu viliweza kuzimiliki.

Kompyuta ndogo za mezani zilipoenea katika miaka ya 1980, walimu wengi walianza kutunga mazoezi yao wenyewe. Leo mazoezi hayo yamo ndani ya simu, na tangu mwaka 2017 programu ya Duolingo imekuwa na somo la Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza. Kwa hivyo mgeni anaweza kushuka bandarini kwetu akiwa tayari anajua kuamkia. Ikiwa yeye amejitahidi kwa lugha yetu, nasi hatuna udhuru wa kutojitahidi kwa yake.

INAPOFAA

Sasa nieleze yale ambayo mashine hii huyafanya vizuri.

La kwanza ni kusikiliza. Kiswahili kina irabu tano tu, na Kiingereza kina nyingi zaidi ya hizo. Kwa hivyo sikio letu halitofautishi kwa urahisi baina ya "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo. Mwalimu mwenye wanafunzi arubaini hawezi kulitamka neno mara mia kwa ajili ya mtu mmoja. Kompyuta inaweza, na haichoki wala haikasiriki. Mwanafunzi husikiliza, hujirekodi, kisha huzilinganisha sauti mbili hizo mwenyewe.

La pili ni kukumbuka. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alieleza namna mtu anavyosahau haraka alichojifunza pindi asipokirejea. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner akaonesha njia nyepesi ya kupambana na usahaulifu huo. Andika neno upande mmoja wa kadi na maana yake upande wa pili, kisha uziweke kadi katika kisanduku chenye vyumba kadhaa. Kadi uliyoipata husogea chumba cha mbele, na hutazamwa baada ya siku nyingi zaidi. Kadi uliyoikosa hurudi chumba cha kwanza, na hutazamwa kesho. Kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa maelfu ya maneno bila ya kupoteza hesabu.

Naomba mzingatie kuwa njia hii haitegemei umeme. Sote tunakumbuka namna Unguja ilivyokaa gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Ofisi isiyo na kompyuta, au yenye kompyuta moja inayogombaniwa na watu kumi, inaweza kuanza na kadi za karatasi na kisanduku cha viatu.

La tatu ni mifano ya matumizi. Tim Johns wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, aliwazoesha wanafunzi wake kuitumia kompyuta kukusanya sentensi nyingi zenye neno moja, kisha wakagundua kanuni wao wenyewe. Chukueni mfano wa kiofisi. Tunaandika "responsible for" au "responsible to"? Mwanafunzi akisoma sentensi ishirini za kweli ataona kuwa neno la kwanza hufuatiwa na kazi au kitu kilichomo mikononi mwa mtu, kama vile mafaili. La pili hufuatiwa na yule ambaye mtu huyo anawajibika kwake, kama vile mkuu wake wa kazi. Karani atakayeligundua hilo kwa macho yake halisahau.

La nne, na kwa watu wazima ni kubwa kuliko yote, ni sitara. Mtu wa miaka hamsini, mwenye heshima yake mtaani, hapendi kukosea mbele ya kijana aliyeajiriwa mwaka jana. Mbele ya kompyuta hukosea peke yake, akajisahihisha, na hapana aliyecheka.

INAPOKOSEA

Ndugu zangu, sifa hizo zisitupofushe. Katika darasa moja la jioni nililolisomesha alikuwamo karani mmoja mtu mzima, mwenye bidii isiyo kifani. Mazoezi yote ya kompyuta aliyamaliza, na alama zake zilikuwa za juu kuliko za darasa zima. Siku moja mgeni akafika kaunta kwake na kumuuliza wapi pa kulipia. Yule bwana alilijua kila neno katika swali lile, na jibu lake alilijua pia. Lakini halikutoka. Aliinuka akaenda kumwita kijana wa chumba cha pili. Baadaye aliniambia, "Mwalimu, mimi nimejifunza kuandika majibu. Sikujifunza kujibiwa."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya upungufu wa mashine hii. Mazoezi mengi humpa mwanafunzi swali lenye jibu moja, na humngojea mpaka afikiri. Mtu aliyesimama mbele yako hangoji. Hukatiza, hubadilisha neno, hukunja uso, na huuliza jambo ambalo halimo kitabuni. Siku hizi zimetoka programu zinazozungumza na mwanafunzi kwa sauti, na zinasaidia, lakini hazina haja yake binafsi ya kukuelewa. Tulichofanya kwa karani yule ni kumtafutia mwenzake wa ofisini, wakawa wanazungumza Kiingereza kwa robo saa kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Hapo ndipo yale aliyoyahifadhi yalipoanza kutoka.

Kosa la pili ni la tafsiri. Kiswahili kilitiwa katika programu ya kutafsiri ya Google mwaka 2009, na programu za namna hiyo zimeendelea kuwa bora. Lakini tazameni mitego iliyomo katika lugha yetu. Sisi huhesabu saa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua. Mgonjwa wa kigeni anayeandikiwa aje hospitali saa mbili asubuhi, tafsiri ya neno kwa neno itamwita saa nane za usiku. Vile vile Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika neno "yeye" wala katika kiambishi "a-". Kiingereza hutofautisha, kwa hivyo mashine isiyopewa dalili yoyote italazimika kubahatisha. Katika hadithi kosa hilo litachekesha. Katika ripoti ya polisi au cheti cha daktari ni hatari.

Isitoshe, neno moja letu ni sentensi nzima ya wenzetu. Mgeni akilitafuta "sikukuambia" katika kamusi ya kawaida hatalipata, kwani sharti kwanza alivunje: "si", "ku", "ku", "ambia". "Ku" ya kwanza ni ya wakati uliopita katika ukanushi, na ya pili ni yule anayeambiwa. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza katika miaka ya 1980 kuifunza kompyuta uchambuzi wa namna hii, na kazi hiyo ilimchukua miaka mingi. Ukiona vyaelea vimeundwa. Kila programu inayoonekana kukijua Kiswahili imejengwa juu ya jasho la watu na maandishi ya watu.

Kosa la tatu si la mashine, ni letu. Anayebandika barua ya Serikali katika programu ya kutafsiri ya intaneti hujenga mazoea ya kuipeleka nje ya ofisi, katika kompyuta zilizo mbali ambazo sisi hatuzisimamii. Faili lenye jina la mgonjwa, la mwanafunzi au la mwenye mgogoro wa ardhi ni amana. Tusiitoe amana ya watu kwa sababu ya kuona uvivu wa kufungua kamusi.

NASAHA

Kwa kumalizia napendekeza mambo manne, nayo hayahitaji fungu kubwa la fedha.

Kwanza, kila mtu ajiwekee dakika ishirini kila siku badala ya saa tatu za mwisho wa wiki. Lugha hujaa kwa haba na haba.

Pili, maneno ya kujifunza yatokane na kazi ya mtu mwenyewe. Ofisa wa bandari aanze na maneno ya shehena, muuguzi aanze na maneno ya maradhi. Orodha hiyo mtaipata katika mafaili yenu kabla ya kuipata katika programu yoyote.

Tatu, kila baada ya zoezi la kompyuta, zoezi hilo lisemwe na mtu. Wakuu wa ofisi wakiwapa watumishi robo saa ya mazungumzo, na wao wenyewe wakakubali kukosea mbele ya walio chini yao, watakuwa wamefanya zaidi ya kununua mashine mpya. Na skuli zenye chumba cha kompyuta zisikifunge kwa kuogopa vumbi. Mashine iliyofungiwa huzeeka sawa na inayotumika, na haijamfunza mtu.

Nne, tafsiri ya mashine isitoke nje ya ofisi kabla ya kusomwa na mtu anayezijua lugha zote mbili. Khasa mtazame saa, majina, tarehe na kiasi cha fedha.

Ndugu wananchi, barua niliyoitaja mwanzo bado iko chini ya nyengine. Haitajibiwa na kompyuta. Itajibiwa na mtumishi aliyejizoeza kila siku mpaka hofu ikamwondoka, akaifungua, akaisoma, na pale asipoelewa akamuuliza mwenzake. Kuuliza si ujinga.